Theluji na Mwanga Katika Picha za Wachoraji

Katika mijadala juu ya utamaduni wa taifa hujitokeza mara kwa mara swali ambalo hatuna budi kulikabili kabla ya kwenda mbali. Je, picha ya shamba lililofunikwa na theluji, iliyochorwa Ulaya na mtu aliyejifunika makoti, inamhusu nini kijana wa sekondari wa Lindi au Tabora ambaye hajapata kuigusa theluji maishani mwake? Wapo wanaojibu kwamba haimhusu hata kidogo, na kwamba kuitundika darasani ni kuendeleza kasumba ile ile iliyowafanya wazee wetu wakariri majira manne ya Uingereza huku mvua za masika zikiwanyeshea madirishani. Wapo pia wanaoitundika bila kuuliza lolote, kwa kuwa ni picha mashuhuri na imetoka ng'ambo. Sisi hatuungi mkono upande wowote kati ya hizi mbili. Tunashikilia kwamba picha bora za theluji zina somo kubwa juu ya rangi ambalo mchoraji wetu analihitaji, na kwamba anaweza kulichukua somo hilo na kuiacha theluji huko huko iliko.

Yafaa tuanze na jua. Lugha yetu ina neno theluji, lililotoka katika Kiarabu, ina barafu, ina sakitu, ule umande ugandao alfajiri katika nyanda za Njombe na Makete. Kipupwe tunacho pia, ingawa kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti humtaka mtu sweta tu, tena si kila mahali. Jambo tusilolijua kwa macho yetu ni jua la majira ya baridi ya kaskazini. Dar es Salaam, hata mwezi wa Juni, jua la adhuhuri hupanda kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Kaskazini mwa Ufaransa, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 17. Maana yake ni kwamba mchana kutwa jua liko pale ambapo kwetu huwa saa moja na robo hivi ya asubuhi. Vivuli ni virefu tangu kuchwea hadi kuchwa. Mwanga hupita mlalo juu ya ardhi, na ardhi yenyewe ni nyeupe. Mchoraji wa huko hukuta mbele yake mwanga unaobadilika polepole juu ya kitu kisichokuwa na rangi kali ya kwake. Hali hiyo ni nadra sana duniani, nasi twaiona kuwa ndiyo sababu ya theluji kuwa shule ya wachoraji.

Si kila mchoraji wa theluji aliyeingia katika shule hiyo. Pieter Bruegel, aliyechora mwaka 1565 ile picha ya wawindaji wakirejea kijijini ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Vienna, alitazama zaidi maisha ya watu ndani ya baridi. Wawindaji watatu wanashuka kilima na kundi la mbwa waliochoka. Mawindo yao yote ni mbweha mmoja. Kushoto watu wanashughulika na moto mbele ya nyumba ya wageni ambayo kibao chake kimeng'oka upande mmoja. Bondeni, mabwawa yameganda na watu wanateleza juu yake. Wanafunzi waliozoea kuuliza, kama ilivyokuwa desturi ya uhakiki wetu katika miaka ya 1970, kazi hii inamtumikia nani, watakuta hapa jambo la kufikiri: picha iliagizwa na mfanyabiashara tajiri wa Antwerp, lakini njaa iliyomo ndani yake si ya tajiri. Kwa upande wa rangi, Bruegel alifanya jambo moja la kijasiri. Anga yake ina ukijani wa kijivu, na ukijani ule ule umelala juu ya barafu ya mabwawa chini. Yaani aliona kwamba barafu huazima rangi ya anga. Theluji yenyewe, hata hivyo, ameiacha karibu na weupe wa karatasi, kama uwanja wa kuwapangia watu weusi weusi. Hatumlaumu kwa hilo, kwa sababu shughuli yake ilikuwa nyingine.

Miaka mia tatu baadaye mambo yalibadilika. Claude Monet alikuwa kijana wa miaka 28, fukara, mwenye mke mtarajiwa na mtoto mchanga, alipochora karibu na Étretat katika pwani ya Normandy picha iitwayo La Pie, katika majira ya baridi ya 1868 hadi 1869. Jina hilo ni la ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe, asiyetofautiana sana na kunguru wetu mwenye kifua cheupe. Picha ina upana wa sentimita 130 na kimo cha sentimita 89. Ua wa fito zilizosukwa, wa aina ambayo mwanafunzi wetu anaijua vizuri kuliko mwanafunzi wa Paris, unakata picha kutoka upande hadi upande. Kushoto kuna lango la fito, mfano wa ngazi, na juu yake ametua ndege. Nyuma ya ua kuna miti iliyolemewa na theluji na nyumba zenye mapaa meupe. Hakuna mtu.

Tuitazame picha hiyo kwa utaratibu, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Jua liko nyuma ya ua, nasi tuko mbele yake, hivyo kivuli cha ua kinatuangukia. Kivuli hicho ni buluu. Wala si kijivu kilichochanganywa na buluu kidogo kwa adabu. Ni buluu waziwazi, na mahali pengine kimeingia urujuani. Theluji iliyo juani nayo ina umanjano wa maziwa yaliyoanza kuganda, na wekundu hafifu mno. Ukiikagua turubai kipande kwa kipande utapata taabu kuonyesha mahali palipopakwa weupe mtupu. Hata hivyo anayeitazama kwa mbali hatii shaka hata kidogo kwamba ardhi yote ni nyeupe. Monet amepata weupe kwa kutopaka weupe.

Na yule ndege? Tumesoma maandishi yanayomgeuza kuwa ishara ya upweke, au ya habari njema, au ya mauti. Huenda. Lakini kabla ya kumpa ndege kazi ya ushairi, tumpe kwanza kazi ya uchoraji. Yeye ndiye giza lililo kali kuliko yote katika picha, na ni dogo. Kwa kumlinganisha naye, jicho hupima mianga mingine yote. Mziba kwa kidole katika nakala yako, mwanafunzi, uone jinsi theluji inavyopungua nguvu mara moja. Kazi ya namna hiyo haimzuii kuwa pia mpweke.

Jopo la maonyesho makuu ya Paris, yale yaliyoitwa Salon, liliikataa picha hii mwaka 1869. Leo imo katika jumba la Musée d'Orsay, na watazamaji huizingira. Yamkini waliokuwa katika jopo walijua kwamba theluji ni nyeupe na kivuli ni cheusi, na walikuwa wamelijua hilo kwa muda mrefu mno kiasi cha kutohitaji kwenda nje kutazama. Ugonjwa huo tutaurudia.

Isidhaniwe kwamba Monet alibuni buluu ile. Goethe, mshairi wa Ujerumani, alipoteremka mlima Brocken wakati wa theluji aliona vivuli vyenye urujuani hafifu, kisha buluu, na jua lilipokuwa linatua theluji iliiva wekundu na vivuli vikawa kijani. Aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya rangi cha mwaka 1810. Mwalimu wa fizikia anaweza kueleza sehemu kubwa ya jambo hili kwa dakika tano. Mwanga wa jua moja kwa moja una umanjano. Anga ni samawati. Penye jua, theluji hupokea miale ya jua pamoja na mwanga wa anga. Penye kivuli, jua limezuiwa, theluji inabaki na mwanga wa anga peke yake, na kwa kuwa theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga inaoupokea, inaturudishia rangi ya anga karibu kama ilivyo. Hata hivyo kujua ni jambo moja, na kuthubutu kuweka buluu ile juu ya turubai mbele ya waamuzi ni jambo lingine.

Mama zetu, ambao hawakumsoma Goethe, walilijua jambo lililo jirani na hili. Nguo nyeupe ikishafuliwa, hasa kanzu ya Ijumaa au sare ya shule, ilisuuzwa katika maji yaliyotiwa nili. Nili ni buluu. Kwa nini kitu cheupe kitiwe buluu ili kiwe cheupe zaidi? Kwa sababu weupe uliochakaa huelekea umanjano, na buluu huurudisha. Mfuaji aliyekadiria nili kwa jicho, isizidi nguo ikawa ya samawati wala isipungue ikabaki na ukungu, alikuwa akifanya kazi ya mchoraji wa theluji. Ajabu ni kwamba ujuzi huo ulibakia kwenye karai na haukupata kupelekwa darasani kwenye somo la uchoraji.

Jambo lingine lililowasaidia wachoraji wale ni la kiufundi, nalo halina budi kutajwa wasije wanafunzi wakadhani kwamba sanaa hutokana na kipaji peke yake. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hati ya haki ya kubuni tyubu za bati za kuhifadhia rangi za mafuta. Kabla ya hapo rangi zilisagwa chumbani na kubebwa katika vibofu vya wanyama, na kuchorea nje kwa muda mrefu kulikuwa taabu. Baada ya hapo mchoraji aliweza kutia sanduku kwapani na kwenda shambani. Mwandishi mmoja wa gazeti la Le Havre alisimulia mwaka 1868 jinsi alivyomkuta Monet nje katika baridi kali, amevaa makoti matatu na glavu, uso umekaribia kuganda, na chombo cha kupashia miguu moto kikiwa kando yake. Alikuwa kazini. Tunalisisitiza neno hilo kwa ajili ya wale wanaouona uchoraji kuwa pumbao la wasio na la kufanya.

Kutoka katika ua ule wa fito hadi malundo ya miganda ya ngano aliyoyachora karibu na nyumba yake ya Giverny katika miaka ya 1890 na 1891, hatua ni moja tu, ingawa ni ndefu. Aliyachora malundo hayo mara kama 25: asubuhi, alasiri, penye ukungu, penye sakitu, penye theluji. Alikuwa na turubai kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanga ulipobadilika aliiacha moja akashika nyingine. Mwezi Mei 1891 kumi na tano kati yake zilionyeshwa Paris pamoja. Mtu aliyeziona hakuweza tena kusema lundo la ngano lina rangi gani. Mwaka 1895 alikwenda Norway, akiwa na miaka 54, akakaa huko miezi miwili akichora theluji huku ndevu zikiganda, na mlima mmoja mdogo uitwao Kolsås aliuchora zaidi ya mara 10. Mlima ule ulimkumbusha Fuji wa Japani, ambao hakuwahi kuuona ila katika picha.

Hapo ametupa neno la kutuzuia tusiwe wakali kupita kiasi. Wajapani waliompendeza Monet hawakuwa wote wakichorea nje. Hiroshige, katika mfululizo wake wa vituo vya barabara ya Tokaido wa miaka ya 1830, ana picha ya usiku wa theluji mahali paitwapo Kambara: watu watatu wameinama, mapaa yamezama, kimya kimetanda. Kambara ni mahali pa pwani ambapo theluji nzito ni nadra sana. Picha hiyo, ambayo wengi wanaihesabu miongoni mwa bora kabisa za theluji duniani, imetokana na kumbukumbu na ubunifu. Basi kusema kwamba mtu asichore asichokiona mbele yake ni kusema uongo. Lakini Hiroshige aliijua theluji ya Edo tangu utoto wake, aliihamisha tu. Alihamisha kitu alichokuwa nacho.

Sisi tunahamisha nini? Tumeona katika maonyesho ya shule picha za nyumba zenye dohani, miti ya misonobari na theluji, zilizonakiliwa kutoka katika kadi za Krismasi. Kazi hizo aghalabu hupewa alama nzuri kwa usafi. Theluji yake ni karatasi iliyoachwa bila kupakwa. Mtoto hakuhamisha alichokiona, amehamisha kadi. Mtoto huyo huyo, akichora shamba la kwao, hupaka anga samawati, majani kijani, shina la mti kahawia na kanzu ya babu nyeupe, hata kama babu ameketi chini ya mwembe saa kumi na moja jioni na kanzu yake upande mmoja imeshika ukijani wa majani na upande wa pili imeshika dhahabu. Amechora majina ya vitu. Huu ndio ugonjwa wa jopo la 1869, na hauhitaji theluji ili umpate mtu.

Inapasa tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa kuna hoja ya upande wa pili yenye uzito. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake wafuate mitindo ya Ulaya. Aliwasimulia hadithi akawaacha wachore wanachokiona moyoni. Katika mikono yake alipita Sam Ntiro, mzaliwa wa mteremko wa Kilimanjaro, ambaye picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika jumba la Museum of Modern Art la New York. Ntiro hakuweka turubai mgombani akangoja mwanga ubadilike; alichora Uchagga anaoukumbuka, na Uchagga ule unaaminika. Nasi tunaafiki kwamba njia hiyo ilizaa matunda. Tunachouliza ni kama matunda yake hayakutokana na wingi wa alichokwisha kukiona Ntiro kabla hajakaa kukumbuka. Kumbukumbu ni ghala, na ghala halitoi kisichotiwa.

Kwa kuwa tumeutaja mteremko ule, hatuwezi kuupita mlima wenyewe, maana theluji ya kweli tunayo. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kiongozi wa safari yake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Huko London mwanajiografia William Cooley alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Naye hakupata kuja kutazama. Twapenda jibu la yule kiongozi. Hakuwa na jina la kitu, akataja kile ambacho ngozi yake ilikijua.

Anayeishi Moshi anajua kwamba Kibo si kofia nyeupe. Alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huwa na kijivu cha majivu mapya, kisha ghafla upande wa mashariki unapata wekundu wa papai. Saa tatu weupe wake unaumiza macho. Adhuhuri mara nyingi haupo, umefunikwa. Jioni urujuani hupanda kutoka chini, na kilele pekee kinabaki na moto. Mabadiliko haya ni ya haraka kuliko yale ya Normandy, kwa sababu karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima. Mchoraji wa Moshi hana saa nzima ya mwanga mmoja. Pengine ana dakika kumi. Hivyo mbinu ya turubai nyingi ingemfaa yeye kuliko hata ilivyomfaa Monet.

Lakini tazama picha za mlima zinazouzwa kwa watalii kote nchini. Kilele ni cheupe kile kile, asubuhi na jioni, juu ya twiga na ndovu wale wale. Baadhi ya watu huutupia lawama mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Lawama hiyo si ya haki. Rangi zake za enameli, zilizotoka moja kwa moja koponi na kulala bapa juu ya ubao, zilikuwa uamuzi wa mpangilio wa umbo na mapambo. Hazikudai kusema saa ngapi ya siku. Anayestahili kuulizwa ni yule anayechora machweo, yaani mwanga wenyewe, halafu akaiacha theluji nyeupe katikati ya anga nyekundu, kana kwamba mlima una taa yake. Tena muda haumngoji. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na wataalamu wanatarajia kwamba iliyobakia itakwisha katika karne hii. Picha za kofia nyeupe hazitamwambia mjukuu wetu barafu ile ilikuwaje jioni.

Shule zilizo mbali na mlima nazo zina theluji zake: kuta za chokaa za Bagamoyo, pamba iliyoanikwa Shinyanga, mashamba ya chumvi ya pwani. Mwalimu asiyekuwa na lolote kati ya hayo atundike shuka nyeupe kwenye kamba uwanjani, nusu yake juani na nusu kivulini, na wanafunzi waichore mara tatu, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, kila mara katika karatasi mpya. Chaki za rangi juu ya karatasi ya kaki zinatosha. Awakataze jambo moja tu, chaki nyeupe, mpaka mtu aonyeshe kwa kidole mahali hasa pa shuka panapoidai. Watabishana. Mmoja ataapa kwamba kivuli cha shuka ni kijivu, mwingine ataona nili, wa tatu ataona wekundu wa udongo wa uwanja uliorudi juu kwenye pindo. Mwalimu asiharakishe kuamua kati yao. Awarudishe nje tena, jua likiwa bado liko.